Siku Tisa za Namba Moja

Chumba Na. 14,
Idara ya Hali ya Hewa,
S.L.P. 611.
9 Machi.

Mpendwa binamu yangu, Kitindamimba,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au baridi ikija bado unakohoa? Sisi tu wazima. Baba yako goti linamsumbua kwenye ngazi, mama yako yu salama na anadai picha zako. Mimi afya ninayo, utulivu ndio sina. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kwenda dirishani.

Tangu mwaka jana kazi yangu ni kulinganisha rekodi tatu za angahewa. Vituo vikubwa vya utafiti hukusanya vipimo vya zamani, vya nchi kavu, vya meli na vya setilaiti, kisha kompyuta huvichanganya na kuichora upya hali ya hewa ya kila saa, hata miaka arobaini nyuma. Kila kituo kina mchoro wake, na michoro haiafikiani. Mimi natafuta upi unatufaa, maana wahandisi wa daraja jipya wanasubiri makadirio yangu ya upepo. Kwenye grafu nimezipa rekodi hizo rangi: nyekundu, bluu na kijani. Nyekundu ndiyo iliyokuwa inaongoza. Nilikwisha kuisifia hadi kwenye muhtasari wa ripoti.

Halafu nikafika wiki ya dhoruba iliyong'oa daraja la zamani. Bluu na kijani zilionyesha mgandamizo wa hewa ukiporomoka. Nyekundu ilinyooka kama uzi. Nikafukua vipimo vyenyewe, nikakuta kituo kimoja kimeandika namba ileile siku tisa, asubuhi, mchana na jioni. Hewa haitulii hivyo. Rekodi mbili zilizitilia shaka namba hizo zikazitupa, nyekundu ilizimeza.

Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi ya mpimaji. Naijua sahihi ile. Ni ya Mjomba, baba yako. Na siku ya tatu kati ya hizo ndiyo uliyozaliwa wewe.

Siku nne sikuigusa grafu. Bosi aliuliza kulikoni, nikamdanganya ni tumbo. Jumamosi nikaenda kwenu.

Nilimkuta Mjomba akikaza wavu wa dirisha. Nilikuwa nimepanga kuzungukazunguka kwanza, lakini nilipoketi tu nikaweka karatasi mezani. Alivaa miwani, akaisoma, akauliza kama ni lazima mama yako asikie. Mama yako alikuwa ameshaingia na chai.

Alisimulia bila kujitetea. Alikuwa mpimaji peke yake pale kituoni. Wewe ulichelewa kutoka, kisha mama yako akatokwa damu isiyokoma. Mjomba alisimama kwenye korido ya hospitali siku zote tisa. Fomu ingeenda na nafasi tupu angefukuzwa, basi akanakili kipimo cha mwisho hadi chini.

"Siku ya tano nilisikia upepo ukitikisa madirisha ya wodi," alisema. "Nikajua nimeandika uongo. Sikuurekebisha."

Mama yako akatua birika. Miaka yote aliamini kwamba mumewe alikuwa akikimbia kupima na kurudi. Ndivyo alivyoambiwa kitandani kila asubuhi.

"Kwa hiyo hukuondoka hata mara moja?"

"Hata moja."

Akavuta kiti, akaketi ubavuni kwake.

Nilipendekeza niandike "kituo kimoja" tu, bila kukitaja. Mjomba akakataa katakata. "Taja kituo, taja tarehe. Daraja lisijengwe juu ya namba zangu." Aliomba jambo moja: wewe usikie kwangu kwanza, maana kwenye simu hataweza kuanza.

Basi nimepima upya. Kwa upepo wa dhoruba nyekundu imeshika mkia, wahandisi nimewapa bluu, na makadirio yamepanda. Bosi alinuna, ila alitia sahihi. Ripoti inatoka Ijumaa.

Mama yako ananiambia Mjomba anazunguka uani, simu anaitoa mfukoni na kuirudisha. Mimi nami nazunguka humu.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde huko, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ukishasoma, mpigie baba yako. Mambo ya kituo yaache kwanza. Muulize ulizaliwa na uzito gani. Kipimo hicho alikisoma mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, nisiyetulia,
Mtoto wa shangazi yako.