Magunia Sita ya Mama

Shangazi wa gazeti, shikamoo, nisaidie maana nimekwama. Mama yetu alifariki siku tatu baada ya kuvuna, na katika pilikapilika za msiba mimi ndiye niliyepakia mahindi yake kwenye magunia kabla hayajakauka, maana mvua ilikuwa inanyemelea na ua ulijaa waombolezaji, na mama asingekubali kamwe, yeye alikuwa anang'ata punje na isipolia "ka!" anasema "bado hii, rudisheni juani," nasi watoto tunagombania zamu ya kung'ata, jamani siku zile! Sasa magunia yote sita yana ukungu wa kijani, na baba amegoma kula unga wa dukani, anasema atakula jasho la mke wake mpaka liishe. Nimeosha, nimeanika, mabaya nimewapa kuku, bado moyo unasita. Bwana shamba aliwahi kutuletea kuvu nzuri, ile inayomwagwa shambani ikashindana na kuvu ya sumu na kuinyima nafasi, na mfuko mmoja umebaki. Nikiichanganya humo kwenye magunia, haitaifukuza ile mbaya? Kesho kutwa baba anataka asagiwe.

Kitinda Mimba

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Umenikumbusha marehemu mama yangu. Yeye alikuwa anazamisha mkono ndani ya gunia, anautoa, ananusa kiganja, nasi tunamtazama usoni tujue mwaka utakuwaje. Nimemkumbuka mpaka nimeweka kalamu chini.

Lakini wee! Kuvu nzuri na gunia wapi na wapi? Ile kazi yake ni shambani, kabla mahindi hayajakomaa, iwahi nafasi. Hapo ulipo mbaya imeshawahi, na sumu imeshaingia ndani ya punje. Hata ukiifukuza, sumu inabaki. Haitoki kwa maji, jua wala moto, na inamaliza ini la mtu huku anacheka nawe. Na hao kuku, acha leo hii! Mayai yao anakula nani?

Usisage hata kibaba. Mwite bwana shamba akuonyeshe pa kuyafukia, mbali na kisima, na ufunge kitambaa puani. Kisha kaa na baba umwambie, "Baba, ni mimi niliyeyaharibu." Hilo ndilo linalokukwamisha, mwanangu, ukungu unasingiziwa tu. Atafoka, pengine atalia. Lia naye. Afadhali akununie akiwa hai.