Si Sumu, Ni Kupe

Baba Adelard,

Pole na safari. Nimekwenda Pugu kwa dada Demetria, nitarudi jioni. Wali umo sufuriani. Na mbwa wako mzima! Leo kalamba bakuli la uji mpaka limeng'aa.

Ukiona fizi zake za buluu usishtuke, ni sindano ya bwana mifugo, rangi itatoka yenyewe. Juzi zilikuwa nyeupe kama chokaa, mkojo mwekundu, nawe kabla ya kupanda gari moshi ukautangazia mtaa mzima kwamba Mzee Thuwaini wa dukani kamtilia sumu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ulipoondoka tu, mzee huyohuyo akaja. Akasimama mbali, kanzu isiguswe, akanyoosha bakora: "Mama, mtazame masikioni. Ng'ombe wangu walianza hivyohivyo." Kupe tele! Ndipo nikambeba mbio kwa bwana mifugo.

Kwa hiyo mkague kila jioni: masikio, kwapa, katikati ya vidole. Kupe usimpasue kwa kucha, mtumbukize kwenye mafuta ya taa. Dawa ya kumwogeshea mbwa usimpake paka, atajilamba afe. Yeye mchane kwa kitana.

~~Dukani usiende, nitakuombea radhi mie.~~ Hapana. Nenda mwenyewe, kabla hujala.

Asubuhi mbwa kambwekea mzee, mara ya kwanza tangu augue. Mzee akacheka: "Alhamdulillah, kanisalimu."

Bado wewe.

Mama Adelard