Watu wa Msikiti wa Zamani

Jumatatu, 8 Agosti 1983
Bango la bucha limekauka. Ng'ombe niliyemchora amenona kuliko nyama yao. Nilikuwa naosha brashi kwa mafuta ya taa Mzee Salum alipokuja, muadhini wa msikiti wa hapa mjini Karatu. Jumatatu ijayo wanaubomoa wajenge mkubwa. Anataka niuchore kwanza, picha itundikwe ndani ya ule mpya. Mimi! Mkatoliki wa Endabash, mchora mabango! Chakula hakishuki kwa furaha.

Jumanne, 9 Agosti
Ukungu umechelewa kuondoka. Nimekaa ng'ambo ya barabara na kipande cha silingibodi. Mnara mfupi. Madirisha ya upinde. Chokaa iliyogeuka nyekundu kwa vumbi. Wazee wanatia udhu penye pipa, Mama Zuhura anakaanga maandazi kando ya ukuta. Nimewachora wote. Gari la watalii limepita, vumbi likaganda kwenye rangi mbichi. Nimeliacha. Hilo ndilo Karatu.

Alhamisi, 11 Agosti
Imekamilika. Naringa, sifichi. Mama Zuhura amejiona, amecheka mpaka maandazi yakaungua. Anadai eti nimemnenepesha.

Ijumaa, 12 Agosti
Nina hasira. Baada ya sala kamati ya msikiti wameitazama, wamesifu mpaka nyufa za ukuta. Kisha Mzee Salum, kwa upole: "Binti yangu, msikitini hatutundiki picha za watu. Hawa waondoe."
Sikujua! Kanisani kwetu watakatifu wamejaa ukutani, wala haikunijia kuuliza. Lakini msikiti bila watu si ghala tu? Nimekataa. Nimeondoka na picha yangu kwapani.
"Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi," Mama Zuhura kanipigia kelele. Najua ubao huu usipotundikwa, msikiti ule utabaki vichwani mwa wazee tu. Naumia.

Jumamosi, 13 Agosti
Nimepata! Nimepata!
Nimepita pale wakati wa adhuhuri. Nje hakuna hata mtu. Karai la maandazi limeepuliwa, bado linatoa moshi. Bakora imeegemea ukuta. Mlangoni viatu: ndala za Mama Zuhura, katambuga za tairi za Mzee Salum zilizoshonwa kwa waya, raba za fundi baiskeli. Kila kiatu na mwenyewe namjua!
Nimekimbia nyumbani. Watu nimewafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nimechora viatu mpaka mkono umekufa ganzi.

Jumapili, 14 Agosti
Kutoka misa, moja kwa moja kwa Mzee Salum. Kamati wapo, na Mama Zuhura pia. Nimeiweka picha mbele yao.
Mama Zuhura aliliona karai lake liko peke yake. "Na mimi nimekwenda wapi?"
"Umo ndani, mama. Unasali."
Mzee Salum akainama, akagusa katambuga. Rangi ikamshika kidoleni. Hakuifuta.

Jumatatu, 15 Agosti
Wamebomoa tangu asubuhi. Mnara umeanguka bila kishindo kikubwa.
Picha iko sebuleni kwa Mzee Salum, inangoja ukuta wake. Watu wanaingia wawili wawili kutafuta viatu vyao.