Tiki Kwenye Kadi ya Wifi

4 Machi

"Wajawazito wengi hupuuza elimu wanayopewa na wakunga."

Mdogo wangu, sentensi hiyo ni yako. Imo kwenye waraka wa ofisi yenu ya afya ya wilaya, ina saini yako, na tangu juzi imebandikwa kwenye mlango wa kliniki yangu. Nimeisoma mara tatu ndipo nikakumbuka kwamba salamu nazo zina haki yake. Hujambo? Sisi wazima. Mama ni mzima wa mdomo, magoti ndiyo yanayolalamika. Mkeo, uliyemwacha kwa mama, anaendelea vizuri, mimba ina miezi sita, na namhudumia mwenyewe kama ulivyoniomba.

Sasa tuje kwenye uongo wako. Anayepuuza lazima kwanza awe amesikia. Nani kasikia? Jana walikuja wanawake sitini na wanne, na mkunga ni mimi peke yangu. Chumba cha ushauri kimejaa maboksi ya mabango mliyotuletea, yameandikwa "Zungumza na Mkunga Wako", na ufunguo anao mtunza stoo. Basi nafundishia barazani, kati ya mizani na foleni ya chanjo, watoto wanalia hata sijisikii. Nimwulize mtu kama anatokwa damu, huku jirani wa mkwewe kaketi naye bega kwa bega? Atasema, "Sina tatizo, nesi." Hata mimi ningesema hivyo.

Dada yako

21 Machi

Dada, shikamoo. Natumaini hasira imepoa. Mimi mzima, mafua tu. Mwambie mama dawa yake ya kuchua nimeituma.

Ulikosea njia, dada, ungekuwa wakili. Lakini nami nina wakubwa, na wakubwa wanataka takwimu. Kwenye kadi kuna kisanduku: "Ameelezwa dalili za hatari." Kliniki nyingine zote zimeleta asilimia mia. Yako thelathini na nane. Unadhani wenzako wana vyumba? Wanatia tiki asubuhi, kadi zikiwa bado zimerundikwa mezani, kabla hajaitwa mtu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nakuomba. Kila kikao wananitupia macho kwa sababu wewe ni dada yangu.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu, mafua yameisha? Dawa imefika. Mama anasema inanuka, lakini anajipaka.

Umeshinda. Sasa saa moja asubuhi natia tiki kadi zote, kama mtu anayegonga mihuri. Mwezi huu nitakuwa mia kwa mia, nipigieni makofi.

Mkeo alikuja leo na mama. Presha nzuri, mtoto anacheza. Lakini nikimwuliza mkeo, anajibu mama.

"Analala?"

"Kama gogo."

"Kichwa hakimuumi?"

"Kimuume ana nini?"

Nikamwomba mama atupishe kidogo. Akacheka mbele za watu: "Wewe binti, mimi nimezaa saba, na wewe ni mmojawapo. Utamfundisha nini nisichokijua?" Baraza zima likaangua kicheko. Mkeo akainamisha macho. Nyuma yake walikuwa wamebaki arobaini. Nikasema nitamweleza safari ijayo.

Kwa mama ni mbali na zamu hazinipi nafasi ya kwenda, kwa hiyo mpigie simu wewe, akiwa peke yake. Kichwa kikimuuma sana, akiona vimulimuli, au uso ukivimba, asingoje tarehe yake. Aje siku hiyohiyo.

Dada yako

13 Mei

Dada,

Sina salamu. Jana tumemzika mtoto, nawe hukunitazama usoni. Mke wangu alivimba uso siku nne. Mama akasema ndiyo mimba ya mtoto wa kike. Siku ya nne akaanguka jikoni kwa degedege. Madaktari wamemwokoa yeye tu.

Kadi yake ninayo hapa mezani. Kisanduku kina tiki, kwa mkono wako. Ulimweleza nini? Namwandikia mkuu wako.

Baba wa mtoto

17 Mei

Mdogo wangu, nakusalimu hata kama hutaki. Mkeo leo amekula na presha imeshuka. Mama hagusi chakula.

Tiki ni yangu. Sikumweleza, wala safari iliyofuata. Nitamwambia hivyo mkuu wangu, bila kupunguza neno. Andika, tena andika yote. Andika kwamba uliniagiza wewe. Andika kwamba nilikuomba umpigie mkeo simu, nawe, yeye mwenyewe kaniambia, ulipiga ukauliza kama dawa ya mama inamsaidia. Ila usithubutu kuandika kwamba alipuuza. Jana nikimbadilishia shuka aliniuliza, "Wifi, hivi mwenye mimba anatakiwa aogope nini?" Miezi yote ya kliniki, hajui. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakumjibia.

Sasa nawaambia ninyi: wewe, mkuu wako, na yule aliyebuni ile fomu. Leteni mkunga wa pili kabla mwezi haujaisha. Agizeni kwa maandishi kwamba kila mjamzito aonwe peke yake, mkwe abaki nje, hata kama mkwe huyo ni mama yetu. Mume naye aitwe, aelezwe, asipewe nafasi ya kusema hakuambiwa.

Na wewe, usije huku kama afisa. Njoo wiki hii, keti kitandani pa mkeo, umjibu swali lake. Mimi nimeshamjibu. Mjibu na wewe.

Dada yako