Wilaya Iliyofutwa

Jumanne, Erdington

Naandika haraka, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya.

Nilichotaka ni nakala ya cheti changu cha kuzaliwa tu, kwa ajili ya maombi ya uraia wa Kiingereza. Leo ofisi ya kumbukumbu ya huko Urusi, nilikozaliwa, imejibu. Binti yangu Salma aliitafsiri barua kwa simu yake pale jikoni.

Wanasema wilaya niliyozaliwa haipo tena. Ilifutwa nilipokuwa na miaka sita, vijiji vyake vikaunganishwa na wilaya jirani, na wakazi wote wakaandikishwa upya. Ndiyo maana walichelewa kunipata. Halafu, kwa wema tu, wakaongeza kwamba mama yangu naye yumo katika daftari jipya. Alifika mwenyewe akatia sahihi.

"But Mum, si ulisema alikufa wakati anakuzaa?" Salma akauliza.

Ndivyo nilivyoambiwa maisha yangu yote. Baba alimaliza masomo yake huko, akarudi Tanga na mimi nikiwa mchanga, na kila mwaka tulimwombea marehemu.

Nikampigia Baba. Nilimwamkia, kisha nikamsomea ile sentensi.

"Baba, kwani mama hakufa?"

Aliniuliza taratibu, "Wamekuandikia anakaa wapi?"

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia Baba simu.

Wameandika. Ni mstari wa mwisho wa barua, jina la kijiji na namba ya nyumba. Sikumwambia.