Albamu Isiyouliza Neno la Siri

Jumatano, Madungu. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimejikasirikia mwenyewe.

Kwa asiyenijua: napiga picha za harusi, upande wa wanawake. Chumbani kwa bibi harusi, mitandio imevuliwa, asumini kichwani, watu wanacheza bila ya kumwonea mtu haya. Mwanamme haingii, na picha mwanamme hazioni. Hilo ndilo ninaloitiwa. Kupiga picha tu, kila mtu ana simu.

Leo Salma, mwenzangu wa kazi kutoka Wete, amekuja dukani kwangu kuniuliza picha zake aziweke wapi mtandaoni. Nami kwa kujitapa nikamwambia atumie huduma ninayotumia mimi. Ina nyota nne na nusu, walioipakua ni chungu nzima, kila mpiga picha ninayemjua yumo. Kulikuwa na nyengine, ya kulipia, haina jina kubwa. Ile niliipita bila hata kuisoma.

Nikamtumia kiungo cha albamu ya Rukia, bibi harusi wa Wambaa, nikakibonyeza kwenye simu yake ili Salma aone kinavyodai neno la siri.

Hakikudai kitu.

Rukia huyo, nywele wazi, kanga kifuani, anacheka. Chini pameandikwa albamu imefunguliwa mara thelathini na nane. Kiungo niliwapa yeye na mama yake tu. Labda ni wao wenyewe, wanaangalia na kurudia. Labda. Nilitamani Salma anitukane.

Albamu nimeifuta. Nimepekua mipangilio: tangu siku ya kwanza imeandikwa kuwa yeyote mwenye kiungo anaingia. Wenye huduma siwezi hata kuwasingizia. Nimeyarudia na yale maoni ya watumiaji, yote yanasifia kasi na nafasi ya bure. Hakuna aliyeuliza nani anaona. Na mimi sikuuliza. Niliona watu wengi, nikatosheka.

Alasiri nikampigia Bi Mwanaidi, mama yake Rukia. Nikamweleza yote, kisha nikajikuta najitetea, kwamba huduma yenyewe ni maarufu, dunia nzima inaitumia. Akaniacha nimalize.

"Miye hao wa mtandaoni siwajui, mwanangu," akasema. "Nliyemfungulia mlango ni weye."

Nimelia. Sioni aibu kuliandika.

Akaongeza kuwa Rukia bado hajui, na yeye hatamwambia. Wa kumwambia ni mimi, uso kwa uso, mumewe asiwepo.

Kesho nakwenda Wambaa. Najua atanikumbatia, atanikaribisha ndani, atakimbilia jikoni kunitilia chai. Nimwambie kabla sijakaa, au nimwache kwanza afurahi kuniona?