Kulungu Wanaosimama Pasipo na Uzio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wawindaji watakusanyika uani kwangu, na nimetakiwa nimpige risasi kulungu jike ambaye sidhani nina haki hata ya kumtazama.

Nina miaka themanini na minne. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Bohemia, katika kijiji cha nyumba kumi na nne, na nilipokuwa na miaka sita, vita vikiwa vimekwisha, sisi Wajerumani tulifukuzwa, tukapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe pamoja na mabunda yetu, tukaletwa huku Bavaria, nikakua, nikaoa binti wa mwenye msitu, na sasa msitu ni wangu, hekta mia moja na kumi za misonobari zinazoishia kwenye kijito cha mpakani. Kijiji chetu kilibomolewa chote. Nikiwa juu ya dungu langu la kuvizia nauona uwazi wake kwa darubini, na mti wa peasi uliokuwa mlangoni kwetu.

Wasomaji wako wa huku wanajua habari ya uzio. Miaka michache baada ya sisi kuondoka ulijengwa uzio wa umeme kando ya kijito, ukakaa karibu miaka arobaini, ukaja kuondolewa, na ni zamani kiasi kwamba hakuna kulungu aliye hai aliyewahi kuuona, lakini kundi likifika pale husimama safu moja, pua mbele, kana kwamba waya bado upo, kisha hugeuka na kurudi. Mama humfundisha ndama, na ndama akikua humfundisha wake. Nimelitazama jambo hilo nusu ya maisha yangu na sijalizoea.

Sasa kosa langu. Novemba sita zilizopita, mchana wenye ukungu, jike mmoja alitoka peke yake, nikangoja dakika chache tu, nikajiambia huyu ni tasa, nikapiga. Kwetu kanuni ya kwanza ni ndama apigwe kwanza, mama baadaye, yatima asibaki, na anayeivunja hatazamwi tena usoni. Nilishuka nikamwekea kitawi cha msonobari kinywani, tonge lake la mwisho, kama desturi inavyotaka, na nilipoanza kumpasua mkono wangu ukagusa kiwele, kikatoa maziwa ya vuguvugu. Nikainua macho. Ndama alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka kwangu, halii wala hakimbii. Nilikikata kile kiwele nikakifukia chini ya mizizi, na mkwe wangu Gerwin, anayesimamia kundi, aliponiuliza nikamwambia tasa, naye akaandika tasa kwenye orodha ya wanyama waliopigwa msituni.

Ndama yatima hana heshima kundini. Wenzake walimfukuza kwenye hori la nyasi kavu tunazowawekea wakati wa theluji mpaka akawa anakula masalio. Januari kundi lilifika kijitoni likasimama kama kawaida, na yule ndama akapita katikati yao akavuka, kwa sababu hakuwa na wa kumwonyesha mahali pa kusimama. Wengine walimtazama bila kutikisa sikio. Mimi nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono.

Siku hizi ni jike mkubwa, kila vuli hurudi kuchukua wengine, nao humfuata wakiwa msururu, mchana kweupe, hawali njiani. Mwaka huu waliomfuata ni kumi na watatu. Wakifika kwenye uwazi wa kijiji chetu hulala, kila mmoja mahali pake, na nimehesabu kwa darubini siku tano mfululizo, mshauri: mmoja yuko palipokuwa nyumba ya mfinyanzi, mmoja palipokuwa nyumba ya mapacha, mmoja palipokuwa zizi la mjomba, na yeye yuko chini ya peasi, kwetu. Wote huelekeza vichwa kwenye dungu langu.

Jumapili tulikuwa mezani, Gerwin akasukuma sahani ya supu ya maini, akaanza.

"Baba, yule jike anatumalizia kundi. Mwakani tutabaki kulinda miti."

"Basi mpigeni nyinyi."

"Tungeweza, angekuwa kitoweo zamani. Akimnusa yeyote kati yetu, hatumwoni tena wiki nzima. Wewe anakujia mpaka chini ya ngazi!"

Binti yangu Irmengard akacheka. "Pengine anataka kuolewa na Baba."

"Maskini, ameangukia mzee wa meno sita," akasema Gerwin.

"Saba," nikasema.

Wakacheka, nami nikacheka, Gerwin akanipiga begani akisema, "Basi Jumamosi ni wewe, Baba," na hapo nikawa nimekubali.

Ni kweli anakuja mpaka chini ya ngazi. Huja, huenda hatua chache kuelekea kijitoni, husimama, hugeuza shingo kuniangalia. Wiki iliyopita nilishuka nikamfuata. Yeye akavuka. Mimi nilisimama ukingoni na miguu ikakataa, mimi ambaye mpaka umekuwa wazi kwangu zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukanyaga ng'ambo. Naogopa kwamba nikivuka nitalala pale atakaponionyesha na sitainuka. Nikimuua, nitakuwa nimemaliza uzao wa yule mama. Nikikataa, itabidi niseme sababu, na Gerwin ameapa mbele yangu kwamba mtu anayedanganya orodha hatawinda naye tena, na uwindaji ndio kitu pekee kinachonikutanisha na watu. Nifanye nini?

Wenzel, mpakani

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Wenzel, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliwasha taa ingawa ilikuwa mchana.

Lakini acha nikukaripie kwanza. Umeandika kurasa nne. Umehesabu nyumba, umehesabu kulungu, umehesabu hata meno yako. Hukuandika kama jike huyo ana ndama! Jike wa miaka sita, mwezi wa Novemba, na wewe unaniuliza habari za bunduki? Baba yangu alikuwa mlinzi wa wanyama, na kwa hilo peke yake angekunyang'anya darubini. Katika hao kumi na watatu, yupi ananyonya kwake? Ukimpiga Jumamosi bila kujua, utarudia kosa lile lile, na safari hii huwezi kusema uliharakisha. Kwa hiyo humpigi. Hilo limekwisha.

Hukuuliza waziwazi, lakini unataka nikuambie kama hao ni roho za watu wa kijiji chenu. Sijui. Kulungu hupenda kulala pakavu penye majani mazuri, na mahali palipokuwa na majiko na mazizi majani huwa mazuri kwa miaka mingi. Hilo naweza kulieleza. Kwa nini anakuja chini ya ngazi yako, siwezi, na sitajifanya naweza.

Ijumaa, kabla ya giza, mwite Gerwin mpeleke penye ile mizizi, umwambie ulichofukia. Usimwambie mezani, wala usimwachie Irmengard akusemee. Atakasirika, na ana haki. Akikutaka umpe bunduki, mpe. Kisha mwambie hivi: kundi halijapotea kwa kuvuka kijito. Ng'ambo kuna msimamizi wa msitu kama yeye, ana simu kama yeye. Wahesabu kulungu wao pamoja, wapange pamoja wangapi wapigwe kila upande. Miaka yote hii mmekuwa mkilinda nusu ya malisho na kuiita malisho yote.

Jumamosi asubuhi, kabla ya pembe kupulizwa, mwenye msitu ndiye hutangaza mnyama gani apigwe na yupi aachwe. Simama mbele yao, vua kofia, useme jike yule aachwe, na useme kwa nini: "Nilimuua mama yake yeye akiwa bado ananyonya, nikadanganya." Usiongeze neno. Watakaoacha kukualika, waache. Watakaobaki watakuwa wamebaki na wewe, siyo na orodha.

Na kijito? Mzee, ulitoka ukiwa na miaka sita, waya ulijengwa nyuma yako. Kulungu wale walifundishwa na mama zao. Wewe umesimama miaka thelathini mbele ya uzio ambao hukuuona hata ukijengwa. Inatosha. Jumapili vuka, saa nne asubuhi, bila bunduki, na viatu vya mpira maana maji ya Novemba hayana huruma. Usiende peke yako. Nenda na Irmengard, mwonyeshe nyumba moja moja, mtajie majina ya waliokaa humo. Chini ya peasi simama, usikae, hata kama umechoka.

Akushike mkono mkienda. Mkirudi akushike kwa nguvu zaidi.

Mshauri wako,
Walburga